Bridge Base Online kwa anayeanza briji: ni bure na ni bora, ila jua pa kuingilia

Briji inataka watu wanne, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Pakiti ya karata inauzwa kila mahali, kanuni za msingi zinaelezeka kwa nusu saa, lakini kuwapata wengine watatu walio tayari kujifunza mchezo unaochukua miezi kabla haujakolea ni kazi nyingine kabisa. Bridge Base Online, ambayo wachezaji wote huiita BBO, imekuwa ikiziba pengo hilo tangu 2001. Iliasisiwa na Mkanada Fred Gitelman, mchezaji wa ngazi ya kimataifa, na hilo linaonekana: kilichomo ndani kimetengenezwa na mtu anayeujua mchezo. Unafungua akaunti bila kulipa, unaingia kwa kompyuta au simu, na viti vitatu vilivyobaki vinakaliwa na roboti au na watu kutoka popote duniani.

Kwa mtu asiyejua chochote, hatujaona mahali pazuri zaidi pa kujifunzia bila kutoa pesa. Kasoro ni kwamba BBO haikushiki mkono. Ukiingia unakuta mashindano, meza za watu, meza za roboti, mazoezi na matangazo ya mechi za mabingwa, vyote vimewekwa pamoja kana kwamba vina uzito sawa. Anayeanza akibonyeza penye watu wengi anaketi meza ya wageni watatu, anakosea mara mbili, anatolewa, na briji inaishia hapo. Kwa hiyo tathmini hii inafuata mpangilio ambao tungempa mwanafunzi: nini kwanza, nini baadaye, na kila kipande kina ubora na udhaifu gani.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi

Wachezaji wanne, karata 52, kila mmoja 13. Anayekaa mbele yako ni mwenzio. Wa kushoto na kulia ni wapinzani. Kila mmoja anaweka karata moja, nne zikitimia ni fungu moja, na mwenye karata kubwa analila. Ukiwa na aina iliyoongozwa lazima uifuate. Usipokuwa nayo unaweza kukata kwa turufu au kutupa garasa. Mafungu ni 13 kwa kila mkono.

Kinachoitenga briji na michezo mingine ya turufu ni mnada unaofanyika kwanza. Pande mbili zinashindana kuahidi mafungu, na anayeahidi zaidi ndiye anayechagua turufu. Namba inayotajwa huongezwa 6, hivyo anayesema “1 shupaza” anaahidi mafungu 7, na “4 kopa” ni mafungu 10. Aina zinapangwa kutoka chini kwenda juu hivi: pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu. Ahadi ya mwisho ndiyo mkataba. Mnada ukiisha na karata ya kwanza ikiwekwa, mwenza wa mwenye mkataba analaza karata zake zote wazi mezani na kukaa kimya. Mwenye mkataba anacheza mikono yote miwili.

Waliokulia kwenye wahedi wa sitini wana mtaji mkubwa, kwa sababu turufu, kukata na kuhesabu zilizotoka wanavijua tayari. Lakini kuna mambo matatu ya kusahau, na ni magumu kuliko yanavyosikika. Kwanza, saba haina cheo. Katika briji ni garasa kama garasa nyingine, ikipigwa hata na nane. Pili, mpangilio ni A, K, Q, J, 10 na kushuka hadi 2, yaani Q inampiga J. Tatu, hesabu ya pointi. Majina ya pwani yana pointi ndani yake: mzungu wa nne ni K, mzungu wa tatu ni J, mzungu wa pili ni Q. Briji inahesabu A pointi 4, K 3, Q 2, J 1. Aliyezoea kuona 3 kwenye J na 4 kwenye K atauona mkono wake ni tajiri kuliko ulivyo, ataahidi kupita kiasi, na hataelewa kwa nini anaanguka. Kwa wiki ya kwanza hesabu kwa sauti. Pakiti nzima ina pointi 40, kwa hiyo mkono wa wastani ni 10.

Pa kuanzia: Bridge Master

Katika sehemu ya mazoezi ya BBO kuna Bridge Master, na ndiyo sababu kuu ya kuipendekeza tovuti hii. Ni mkusanyiko wa maswali ya uchezaji uliopangwa katika ngazi tano. Mnada umeshafanyika, mkataba umeshawekwa, mpinzani ameshaongoza. Unaona karata zako na za mwenzio, na kazi yako ni moja: timiza ahadi. Ukishindwa unarudia, na ukitaka unasoma maelezo ya njia sahihi.

Tunasisitiza kuanza hapa, kabla ya mnada, kwa sababu mnada ni lugha ya kusema “tunaweza kula mafungu mangapi”. Mtu asiyejua mafungu yanavyopatikana anakariri lugha asiyoijua maana. Walimu wengi huanza wanafunzi kwa mchezo uliopunguzwa, minibriji, kwa sababu hiyohiyo: kila mchezaji anataja pointi zake, upande wenye nyingi unacheza, mwenye nyingi zaidi katika upande huo anamwona mwenzake akilaza karata, kisha anachagua turufu na lengo. Ukiwa na watu watatu nyumbani, chezeni hivyo. Ukiwa peke yako, Bridge Master ngazi ya kwanza ndiyo minibriji yako.

Tazama aina ya swali utakalokutana nalo. Mkono huu tumeupanga wenyewe, lakini funzo lake liko ngazi za mwanzo kabisa. Mkataba ni 3 bila turufu, yaani mafungu 9. Wewe ni Kusini:

Kaskazini (mezani): ♠ 7 6 2 ♥ 8 5 ♦ A Q J 10 4 ♣ K 7 3
Kusini (wewe): ♠ A K 5 ♥ A 7 3 ♦ 9 5 2 ♣ A Q 6 4

Magharibi anaongoza K ya kopa. Anayeanza huweka A papo hapo, kwa furaha ya kula fungu la kwanza. Kabla ya kugusa chochote, hesabu yaliyo hakika: shupaza mawili, kopa moja, uru moja, pau matatu. Jumla 7. Yanakosekana mawili, na yatatoka kwenye uru: unaongoza 9 kutoka mkononi na kuiacha ipite, ukiwa umemtega K. K akiwa Magharibi hakupati. Akiwa Mashariki anakula mara moja, na bado uru inakupa mafungu manne. Yaani hata mtego ukifeli unafika mafungu 10. Mbona basi mkono huu ni swali?

Kwa sababu ya kopa. Wapinzani wana kopa nane. Tuseme Magharibi ana tano, K Q J 9 4, na Mashariki ana tatu, 10 6 2. Ukila kwa A mwanzoni, ukatega uru, Mashariki akala kwa K yake, bado ana kopa mkononi. Anairudisha, na Magharibi anakula nne mfululizo. Nne na ile K ya uru ni tano: umepata mafungu 8, umeanguka kwa moja.

Sasa zuia mkono wako. Iache K ile fungu la kwanza. Iache na Q ile la pili. Fungu la tatu la kopa ndipo unaweka A. Mashariki ameishiwa kopa. Tega uru, akila kwa K, hana njia ya kumfikia mwenzake. Umepoteza mafungu matatu tu, umekula 10. Na kama kopa ziligawanyika nne kwa nne, Mashariki atakuwa na ya kurudisha, lakini Magharibi atakuwa amebakiwa na moja tu, na mkataba bado unasimama kwa mafungu 9. Ndio uzuri wa njia hii: inashika hali zote mbili.

Kwa alama, nje ya hatari (hali ambayo zawadi na adhabu ni ndogo), mafungu 10 katika 3 bila turufu ni 430, na kuanguka kwa moja ni kupoteza 50. Tofauti ya alama 480 imetoka kwenye uamuzi wa sekunde ya kwanza, kabla hujagusa hata karata moja ya uru.

Bridge Master inafundisha hili vizuri kwa sababu haitoi bahati. Maswali yamepangwa ili njia dhaifu ishindwe, kwa hiyo huwezi kucheza vibaya, ukaokolewa na mgawanyo, na kudhani umejua. Ushauri wetu ni maswali matatu kwa siku, si ishirini. Kabla ya karata ya kwanza andika kwenye karatasi namba mbili: mafungu ya hakika, na yanayokosekana. Ukirudia swali ulilofeli, usirudie kwa kubahatisha njia nyingine. Eleza kwanza kwa maneno kwa nini ya awali ilianguka. Usipande ngazi ya pili kabla hujamaliza ya kwanza, na usijaribu ya nne au ya tano kwa udadisi, maana zile zinawasumbua hata wachezaji wa miaka mingi.

Udhaifu wake ni kwamba unacheza upande wa mkataba tu. Ulinzi haupo, na katika briji halisi utakuwa mlinzi takriban nusu ya mikono yote. Tena ukijua kwamba swali lina jibu, unatafuta mtego pale ambapo kwenye meza halisi hungeuona. Hili halitibiki humu; litatibiwa mezani.

Roboti: mwalimu asiyechoka, mwenza asiyekusikia

Baada ya wiki tatu au nne ingia kwenye mchezo na roboti, ambapo unanadi na kucheza mwenyewe na viti vingine vyote ni vya mashine. Roboti wa BBO anaitwa GIB, aliyetungwa na Matthew Ginsberg, na alishinda ubingwa wa dunia wa programu za briji mwaka 1998 na 1999. Hakuna anayekusubiri, hakuna anayeguna. Unaweza kukaa dakika kumi juu ya karata moja.

Kilicho bora hapa ni maelezo ya mnada. Kabla hujatoa ahadi, unaweza kuona mashine itaielewaje: idadi ya pointi, idadi ya karata za kila aina. Kwa anayeanza hii ni kamusi iliyo wazi mezani. Tumia kila mara. Usinadi kwanza ukasoma baadaye.

Maana GIB haelewi ulichokusudia. Anaelewa kilichoandikwa katika mfumo wake. Mfumo huo ni ule wa Kimarekani wa aina kubwa (kopa na shupaza) za karata tano, wenye jibu la ngazi ya pili linalolazimisha kufika gemu, yaani mkataba wa alama 100 au zaidi. Kuna sehemu tatu ambapo karibu kila mgeni huumia, na mara nyingi huilaumu mashine.

Ya kwanza. Mwenzio amefungua mnada kwa 1 bila turufu, ambayo humu ni pointi 15 hadi 17 na mkono uliosawazika. Wewe una kopa tano, unasema 2 kopa. Roboti anajibu 2 shupaza, nawe unashangaa. Hakukosea. Katika mfumo huu 2 uru ndiyo inayosema “nina kopa tano”, na 2 kopa inasema “nina shupaza tano”. Unataja aina iliyo chini yake, mwenzio anaitaja yenyewe, ili mkono wenye nguvu ndio ubaki umefichwa na ule mdogo ulazwe mezani. Na 2 pau haihusu pau. Inauliza kama mwenzio ana kopa nne au shupaza nne.

Ya pili. Mwenzio amefungua 1 shupaza, wewe una pointi 9 na pau nzuri tano. Unasema 2 pau. Kwake hiyo ni ahadi ya pointi 12 au zaidi, na hataacha mnada ufe kabla ya gemu. Mnaishia juu, mnaanguka kwa mawili. Kwa pointi 6 hadi 11 bila shupaza tatu, jibu ni 1 bila turufu.

Ya tatu ni upande wa pili wa hiyohiyo. Umefungua 1 shupaza, roboti amesema 1 bila turufu, nawe kwa kuwa una 12 tu unapasi. Jibu lile linakulazimisha kuendelea. Huenda ana pau sita na pointi sita, na mkono wake haufai kabisa kuchezwa bila turufu.

Namba za kubandika ukutani kwa miezi ya kwanza ni chache. Pointi 12 na zaidi unafungua. Kwa pointi 6 unamjibu mwenzio aliyefungua. Mkiwa na 25 kwa pamoja lenga gemu, yaani mkataba wenye thamani ya alama 100 au zaidi: 3 bila turufu, 4 kopa au 4 shupaza. Gemu ya pau au uru inataka mafungu 11, kwa hiyo subiri 29. Mkiwa na 33 fikiria mafungu 12. Na tafuteni turufu mliyo nayo nane kwa pamoja. Kwa saba maisha ni magumu. Anayeanza huwa anapenda sana aina yake ya karata tano na kusahau kumsikiliza mwenzio aliyekwisha kutaja nyingine.

Kuhusu uchezaji wa GIB, inafaa kujua anavyofikiri. Anabuni migawanyo mingi inayolingana na mnada, anaitatua kila mmoja kana kwamba karata zote ziko wazi, kisha anachagua karata iliyofaulu mara nyingi. Ndiyo maana ukiwa mlinzi pamoja naye, ishara zako hazimfikii. Katika briji ya watu, kutupa garasa kubwa kunaweza kumwambia mwenzio “endelea na aina hii”. Roboti hukokotoa tu. Pia akiona karata mbili zina matokeo sawa kwake, anaweza kutupa yoyote, hata ambayo binadamu asingeithubutu. Kwa hiyo usijifunze ulinzi kwa kumwangalia. Jifunze kwake mnada na kasi ya kuhesabu.

Baada ya kila mkono ufungue tena kutoka kwenye historia. Kuna kitufe kinachoitwa GIB ambacho huandika juu ya kila karata matokeo ambayo ingeleta. Ni chombo kizuri, lakini kisome kwa tahadhari: namba hizo zinatolewa na anayeona karata zote 52. Wapinzani wakiwa na karata tano za aina fulani, hugawanyika tatu kwa mbili takriban asilimia 68 ya nyakati. Wakiwa na sita, tatu kwa tatu ni asilimia 36 tu na nne kwa mbili ni 48. Ukifuata uwezekano huo ukaanguka kwa sababu siku hiyo mgawanyo ulikuwa mbaya, mashine itakuonyesha njia “bora” ambayo hukuwa na sababu ya kuichagua. Achana nayo. Tafuta kwenye kitufe hicho makosa ya kusahau hesabu, si bahati mbaya.

Meza za watu

Weka kwenye wasifu wako ngazi ya chini kabisa inayokufaa. BBO inaachia kila mtu ajipime mwenyewe, kuanzia mgeni kabisa hadi ngazi ya dunia, na wengi hujipandisha. Aliyejiandika hodari bila kuwa hodari huumiza mwenza wake na yeye mwenyewe hujifunza polepole. Kuna vilabu vya wanaoanza na wa kati ndani ya BBO, hasa kile kinachojulikana kama BIL, ambako masomo na meza za mazoezi hupangwa kwa ajili yao. Ingia huko kabla ya kukaa meza ya wazi. Hata kutazama tu kunasaidia: unaweza kukaa nyuma ya mchezaji, ukaona karata zake, na kujiuliza ungeweka nini kabla hajaweka.

Adabu ni chache na hazina mjadala. Msalimie mwenzio, taja mfumo unaoufahamu kwa maneno mawili. Usiondoke mkono ukiwa katikati. Omba kurudisha karata pale tu kidole kilipoteleza, si pale mawazo yalipobadilika. Mnada wenye maana isiyo ya kawaida ueleze mwenyewe kwa wapinzani, maana mtandaoni anayenadi ndiye anayejieleza. Kwenye meza halisi ni mwenzake anayetoa tahadhari. Usimsahihishe mwenzio mbele ya watu. Ukiona una mafungu yote yaliyobaki, yadai kwa kueleza utakavyoyacheza, badala ya kuwachosha wengine karata kwa karata.

Kwa simu, igeuze ilale upana, na kwenye mipangilio washa uthibitisho wa ahadi na wa karata. Hiyo inakuongezea mguso mmoja kwa kila hatua, lakini kwenye kioo kidogo 3 na 4 zinakaribiana mno, na 4 pau isiyokusudiwa haina dawa. Kama macho yanachanganya kopa na uru au shupaza na pau, chagua karata za rangi nne.

BBO inakuficha nini

Hili ndilo wasifiaji wa tovuti hii huliruka. Programu inakuzuia kufanya makosa ambayo meza halisi haikuzuii. Huwezi kukata huku unayo aina iliyoongozwa, kwa sababu karata haramu haibonyezeki. Huwezi kuongoza kutoka mkono usio zamu yake. Inachanga, inagawa, inapanga karata kwa aina, inahesabu mafungu, inaandika alama, inakukumbusha mkataba. Mtu aliyecheza mikono mia mbili humo anaweza kuketi kwenye klabu akashindwa kupanga karata 13 mkononi kwa wakati, akasahau nani anaongoza (ni wa kushoto kwa mwenye mkataba), au akakata kopa huku kopa moja imejificha nyuma ya uru. Kosa hilo la mwisho linaweza kukugharimu fungu moja au mawili yanayohamishiwa kwa wapinzani.

Kwa hiyo nunua pakiti moja ya karata na uitumie. Gawa mikono minne, panga kila mmoja kwa rangi zinazopishana, nyekundu na nyeusi, hesabu 13 kabla ya kutazama, taja pointi na umbo la mkono: “12, shupaza tano, kopa tatu, uru tatu, pau mbili”. Jumla ya namba za umbo lazima iwe 13. Isipokuwa, kuna karata umeiruka. Lenga kufanya kila mkono kwa sekunde 20. Pia chukua mkono mmoja uliocheza na roboti, uupange kwa karata halisi mezani, na uucheze tena ukiweka mafungu uliyokula wima mbele yako na uliyopoteza yakilala, kama inavyofanywa klabuni.

Gharama, na lini utafute kwingine

Kila tulichokieleza, Bridge Master, mchezo wa mazoezi na roboti wa kawaida, na meza za watu, anayeanza anakipata bila kulipa. Pesa ya ndani inaitwa BB$, na moja ni sawa na dola 1 ya Marekani. Inatumika kwa mashindano, roboti wenye nguvu zaidi na huduma nyingine za ziada. Kwa miezi sita ya kwanza huna haja nayo hata senti. Mashindano ya roboti yanavutia kwa sababu yanakupangia nafasi, lakini yana muda, na muda ndio adui wa mtu anayejifunza kuhesabu. Maelezo ya mikono na ya maana za mnada utayasoma kwa Kiingereza, na lugha yake ni nzito mwanzoni. Orodha ya maneno ishirini uliyojiandikia mwenyewe inatosha kuvuka.

Kuna hali moja ambapo tungekuelekeza kwingine kwanza. Kama mwalimu wako, klabu yako au kitabu ulichonacho kinafuata Acol, mfumo wa Kiingereza ambao kwa kawaida hufungua 1 bila turufu kwa pointi 12 hadi 14 na kuruhusu kopa au shupaza za karata nne, GIB atakuvuruga. Utafungua 1 bila turufu na 13, yeye atakuhesabia 15, mtapanda hadi gemu mkiwa na 23 kwa pamoja. Hapo tumia Funbridge, programu nyingine ya briji, ambayo inakuruhusu kuchagua mfumo wa mnada, Acol ikiwemo. Mikono ya bure huko ina kikomo na inayozidi inauzwa, kwa hiyo itumie kwa mazoezi ya mnada, na maswali ya Bridge Master yaendelee kubaki BBO, maana pale mfumo wa mnada haukuhusu.